Ugali Kwenye Matundu ya Nati

Wanangu mnaopaka rangi rimu za magari nyumbani, nawaandikia ninyi. Mimi ni Mama Nafula wa Khwisero, mtu wa rangi. Maisha yangu yote ya kazi nilipuliza rangi magari mjini Kakamega, na nilistaafu kwa sababu kifua kilianza kukataa harufu ya thina ya kuyeyushia rangi, si kwa sababu nilichoka. Nilidhani nimekwisha kuona kila ajabu ambayo rangi inaweza kumfanyia binadamu. Nimeona gari la harusi likipakwa jeupe jioni na kuamka la waridi, kwa kuwa nyekundu ya chini ilipanda juu na mpakaji hakuizuia. Nimemwona bwana harusi wa gari hilo, na sitamsahau. Lakini sikuwahi hata kuota kwamba siku moja nitakuwa nimeketi ndani ya gari ambalo gurudumu lake linataka kutoka, kwamba aliyelipaka rangi gurudumu hilo ni mkwe wangu, na kwamba sina ruhusa ya kumwambia.

Nitafika huko. Kwanza tuongee kazi, maana bila kazi hamtaelewa kwa nini nilishtuka hivyo.

Nilipoanza, rimu zilikuwa chuma tupu, na juu yake ulipachika kifuniko cha plastiki. Hakuna aliyezijali. Siku hizi gari linakuja na rimu za spoti zinazong'aa, na mwenyewe akikwaruza moja tu kwenye ukingo wa barabara anakosa usingizi. Anafungua simu, anatazama video. Mtu wa ng'ambo amesimama kwenye gereji safi kuliko jikoni kwangu, anapaka, anatabasamu, kwisha. Basi kijana wa mtaa wa Amalemba naye ananunua rangi ya mkebe na tepu ya karatasi, anaingia uani na kuanza. Sikatai. Nimeona kazi za uani zilizoshinda nyingi tulizotoa gereji. Ila video haina kuku, na uani kwetu kuna kuku.

Aliyenifundisha ni Mzee Rashidi, mtu wa Mumias. Alikuwa mfupi na mkali, na kofia yake nyeupe haikuwahi kuguswa na tone la rangi, wakati mimi kila jioni nilirudi nyumbani na nyusi za bluu. Nilidhani atanipa bunduki ya rangi siku ile ile nilipofika. Alinipa ndoo, sabuni na mswaki wa meno. Nikasugua vumbi jeusi la breki kwenye rimu mpaka vidole vikakunjamana, nikamwita aone. Akatoa kitambaa chake cheupe, akapitisha nyuma ya rimu, mahali ambapo sikuwa hata nimepafikiria, na kitambaa kikatoka cheusi tititi. Alinirudishia ndoo.

"Langi inapendanga usafi," aliniambia baadaye, "kuliko vile inakupenda wewe." Alisema langi maisha yake yote, na hakuna aliyethubutu kumcheka, maana hakuna aliyepuliza kama yeye.

Alinifundisha pia kuogopa anga ya Kakamega. Hapa kwetu mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Mteja mmoja alitusumbua siku nzima, anataka gari lake kabla ya jioni, akatulazimisha kupaka vanishi wingu likiwa limeshuka. Vanishi ikakauka ikiwa na ukungu ndani, rimu zote zikawa rangi ya uji. Mteja alilia. Nasema alilia, mwanamume mzima mwenye kitambi. Tangu hapo najua kwamba rimu hupakwa asubuhi, jua likiwa limekausha hewa, na ukisikia ngurumo upande wa msituni unafunga mkebe.

Sasa kuziba, yaani kufunika pasipotakiwa rangi. Hapo ndipo kazi ilipo. Kupuliza ni starehe tu, kuziba ndiko kunakopima mtu. Kama hutaki kutoa tairi kwenye rimu, kata vipande vya pakiti ya unga, ile karatasi ngumu, uvichomeke kati ya tairi na rimu kuzunguka duara lote. Mpira uliobaki nje upake sabuni ya kipande iliyoloweshwa, rangi itakayotua hapo itaoshwa na maji. Mdomo wa kujazia upepo uvike kipande cha tyubu kuukuu. Halafu fika kwenye matundu ya nati, na hapo punguza mwendo.

Ukichungulia ndani ya tundu la nati utaona kitako chake, ule mviringo ambapo nati hukaa na kubana. Mzee Rashidi alinishika kichwa, akanielekeza macho pale. Akaniambia hapa ni chuma kwa chuma, na nyuma ya rimu, pale inapokutana na gari, vilevile ni chuma kwa chuma. Alinifanya nirudie kama mtoto wa madrasa. Rangi ikiingia kati, nati itabana rangi badala ya kubana rimu. Mkononi utaona imekaza sawasawa. Gari likitembea, breki zikipata moto, rangi inalainika, inasagika, inatoka, na pale ilipokuwa panabaki nafasi. Nati iliyokuwa imekaza sasa inacheza.

Gazeti halizibi vizuri tundu dogo. Linalowa na kuanguka. Siku moja tukila chakula cha mchana, Mzee alichukua obusuma uliobaki kwenye sahani, ule ugali uliopoa na kuanza kukauka, akaufinyanga mpaka ukawa kama kizibo, akausukuma kwenye tundu. Nilishtuka. Kwetu chakula hakichezewi, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba hachezi, anafanya kazi, na kwamba yale makombo yalikuwa yanaelekea shimoni. Basi tukapuliza. Rangi ilipokauka alisukuma vile vizibo kwa bisibisi, vikatoka vizima, na ndani ya matundu chuma kilikuwa kitupu kama kilivyotoka kiwandani. Kuanzia hapo sikuziba kwa kitu kingine mpaka nilipostaafu. Wateja walicheka, mafundi wa gereji za jirani wakaiga.

Binti yangu Nafula alikulia pale gereji, akirudi shule anakula nasi, na alikuwa akitufinyangia vile vizibo kwa mikono yake midogo. Akakua, akaolewa na Barasa, kijana anayeuza mbegu na dawa za mifugo pale mjini, wakapanga nyumba Amalemba.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana wengi wenu mjini mmeliacha. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Nikiwa na neno kwa Barasa namwambia Nafula, Nafula anampelekea. Yeye akiwa na neno kwangu, njia ni hiyo hiyo. Kuna wanaosema ni ushamba. Mimi nilimpenda Barasa kwa sababu hiyo. Alilelewa na bibi yake, akayashika yale mambo kwa moyo wake wote, na tangu amwoe binti yangu hatukuwahi kubadilishana hata neno moja ana kwa ana. Hata salamu ilipitia kwa mkewe.

Mwaka huu dada yangu mkubwa anayekaa Chekalini alianguka akavunja nyonga. Barasa akasema, kupitia kwa Nafula, kwamba atanipeleka kwa gari lake. Tena akaona aibu kumbeba mama mkwe kwa gari lenye rimu zilizokwaruzika, kwa hiyo akaamua kuzipaka mwenyewe uani. Mkewe akamfundisha ile mbinu ya Mzee Rashidi. Nilipofika kwao Amalemba asubuhi ya safari, rimu zilikuwa zinameta rangi ya fedha. Nilizitazama kwa mbali, kama ilivyofaa, na nasema kweli nilijivuna. Hakuna tone lililomwagika, hakuna mahali palipochuruzika. Matundu ya nati sikuyaona, nati zilikuwa zimeshafungwa.

Ilikuwa tuende na Nafula, akae kati yetu. Asubuhi hiyo hiyo akaitwa kazini. Nikaona tuahirishe, lakini mgonjwa alikuwa anatusubiri, basi nikaketi kiti cha nyuma, upande wa kushoto, leso begani, nikaangalia dirishani. Chini ya miguu yangu Nafula aliweka zawadi ya kumpelekea mama yake mkubwa, kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu. Kuku huyo alikuwa na mdomo wa rangi ya fedha. Nilicheka kimoyomoyo. Nikasema labda alidonoa mkebe.

Tulikuwa tumeshaipita Malava niliposikia ko, ko, ko. Nikadhani ni kuku. Nikamtazama, ametulia, jicho moja limefumba. Redio ilikuwa inapiga nyimbo za kwaya. Gari likapunguza mwendo kwenye tuta, sauti ikapunguza mwendo nayo. Gari likashika kasi, sauti ikashika kasi. Ilitoka chini yangu, gurudumu la nyuma la kushoto. Nikamtazama kuku tena, nikautazama ule mdomo wa fedha. Niliona kila kitu kwa pamoja, na sijawahi kushtuka namna ile.

Nikampigia Nafula, nimefunika mdomo kwa leso. Nikamuuliza waliziba matundu kwa kitu gani.

"Kwa obusuma, mama, vile wewe ulikuwa unafanyanga. Alipaka mara ya kwanza, tukaingia ndani kunywa chai, akatoka akapaka ya pili na vanishi."

"Na obusuma mlipoutoa ulitoka mzima?"



"Mama, rangi ilipokauka obusuma haukuwa kwenye matundu. Yeye alidhani niliutoa mimi. Mimi nikadhani aliutoa yeye."

Walikuwa wanakunywa chai ndani, na nje kuku walikuwa wanakula vizibo. Mwanamume wa watu akatoka, akashika mkebe, akapuliza rangi na vanishi tabaka kwa tabaka ndani ya matundu yaliyo wazi, akaona amefanya vizuri. Kule gereji hatukuwahi kufuga kuku. Jambo hilo halikuwahi kupita akilini mwa Mzee Rashidi, wala mwangu, wala mwa binti yangu.

Nikamwambia Nafula ampigie mumewe haraka amwambie asimame. Nikakata. Punde simu ya Barasa ikalia mfukoni mwake. Ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena. Barasa ni mtu mwangalifu, hagusi simu akiendesha, na nadhani siku ile aliendesha kwa uangalifu zaidi kwa sababu yangu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Nilimtazama kisogo nikataka kulia. Adabu yake yote, ile iliyonifanya nimpende, ilikuwa inatupeleka kaburini, na Nafula angebaki mjane asiye na mama kwa siku moja.

Sasa mtaniuliza kwa nini sikufungua mdomo. Ni rahisi kuuliza. Mdomo niliufungua na neno halikutoka. Desturi ya miaka mingi haivunjwi kwa pumzi moja. Ndipo nikamtazama kuku, ingokho kwa lugha yetu.

"Wewe ingokho," nikasema, kwa sauti ya kupita redio, "mwambie mwenye gari kuna gurudumu linagonga huku nyuma. Asimame."

Redio ikapunguzwa. Barasa hakugeuka. Akakohoa kidogo, akajibu kwa heshima zake zote.

"Ingokho, mwambie mama asiwe na wasiwasi. Ni hii barabara tu. Hapo mbele inakuwanga nzuri."

Najua mnacheka. Hata mimi nikisimulia leo nacheka. Wakati ule hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeanza kuteremka, kule chini kuna daraja, na upande wa pili trekta la miwa lilikuwa linapanda, limejaza mpaka miwa inaburuzika barabarani. Sauti ikaacha kuwa ko, ko. Ikawa mngurumo. Nyuma ya gari kukaanza kuyumba, kushoto, kulia, nikahisi kiti kinasogea chini yangu.

Nilimshika bega. Mimi, mama mkwe, nilinyoosha mkono nikamshika mkwe wangu bega na kulibana.

"Barasa, gurudumu linatoka. Usikanyage breki ghafla. Achilia mafuta. Pole pole, ingia kwenye nyasi."

Nilihisi mwili wake ukishtuka chini ya mkono wangu, na mpaka leo sijui alishtushwa na nini zaidi, gurudumu au mkono. Lakini alifanya kila nilichosema. Gari likaingia kwenye nyasi, likainama upande mmoja, likasimama. Trekta likapita na miwa yake, dereva akatupungia mkono.

Nikashuka. Nilishika nati ya kwanza nikaizungusha kwa vidole viwili, kama kifuniko cha chupa ya maji. Ya pili vilevile. Moja haikuwepo kabisa, ilibaki skrubu tupu. Ndani ya matundu rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nikakumbuka kwamba magurudumu mengine yalipakwa siku hiyo hiyo, na kuku ni wale wale, nikaketi chini kwenye nyasi nilipokuwa.

Barasa alikuwa ameketi upande wa pili wa gari, kichwa mikononi. Nilimsikia akisema, bila kumwambia mtu, kwamba alikuwa anataka nipande gari zuri. Hasira niliyokuwa nayo ikaisha pale pale. Nilimhurumia sana.

Basi tukafanya kazi. Hili lishikeni, ndilo hasa nililotaka kuwaandikia. Tulikwangua kila kitako cha nati kwa kisu, tukamalizia kwa msasa uliobaki kwenye buti la gari, mpaka chuma kikaonekana kitupu. Tukakwangua na mgongo wa rimu. Tulitoa nati moja kwenye gurudumu lililokuwa nazo zote tukaifunga kwenye lililopungukiwa, na hilo ni la kukufikisha kwa fundi tu, usizoee. Nati hazikazwi kwa kuzunguka duara. Unakaza hii, unaenda inayotazamana nayo, kwa msalaba. Ukitembea mwendo mfupi unasimama unakaza tena, hata kama ulikaza kwa nguvu zako zote. Na nyumbani, ukiziba, toa vizibo mwenyewe kwa mkono wako, uvione. Kama hukuviona, usiseme labda mwenzangu alivitoa.

Tulikuwa tukipeana vifaa kwa adabu yetu ile ile. Yeye anaweka spana chini, anarudi nyuma, mimi naiokota. Namaliza, naiweka chini, narudi nyuma. Watu wa bodaboda walipita wakatushangaa, wakadhani tumegombana. Ila ulipofika wakati wa kurudisha gurudumu, sikuweza kuliinua peke yangu, na yeye hakuweza kulilenga kwenye skrubu bila mtu wa kulishika. Tukatazamana. Ndiyo mara yangu ya kwanza kujua kwamba Barasa ana kovu dogo juu ya jicho. Akapiga goti upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaliinua.

Dada yangu, nilipomsimulia, hakuuliza chochote juu ya gurudumu. Alisahau hata nyonga yake. Aliuliza kama ni kweli nilimgusa bega, na kama ni kweli nilimwita kwa jina. Nikamwambia ni kweli. Akajifunika leso usoni. Wazee wa huko wamesema jambo hilo lina utaratibu wake wa kutengenezwa, na tutalitengeneza, sibishi.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Tulipoondoka pale kwenye nyasi, nilirudi mahali pangu, nyuma, upande wa kushoto, nikaangalia dirishani. Barasa hakuwasha redio. Aliendesha kama aliyebeba mayai. Tukavuka daraja, tukapanda kilima, na juu kabisa akapunguza mwendo. Hakugeuka. Hakumtafuta mtu wa kupitishia neno.

"Mama," akasema, "unasikia kitu?"

Nikatega sikio. Nikasikiliza kushoto, nikasikiliza kulia, nikachukua muda wangu, maana alikuwa ameniuliza mimi.

"Sisikii kitu, Barasa. Endesha."

Akaniuliza tena kwenye kila kilima mpaka Chekalini, na kwenye kila kilima nilimjibu.